Negativu zilizoungua London: kisa cha Apu Trilogy na jinsi Criterion walivyoirudisha

Tukiongelea hizi lebo ndogo zinazotoa filamu za kisanii kwenye Blu-ray huwa tunaongelea ladha, yaani nani anachagua, kwanini hii imetoka ile bado, kwanini mkurugenzi fulani anasubiri miaka na miaka wakati mwingine ana diski tano. Ladha ipo, sikatai. Ila ukifuatilia kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho unakuta kitu kingine ndo kinaamua mambo, nacho ni makopo ya filamu: yako wapi, nani kayashika, ndani kumebaki nini na nani yuko tayari kulipa hela kufungua. Kisa ninachokichambua hapa ni cha Satyajit Ray na zile filamu zake tatu zinazomfuata Apu kuanzia mtoto wa kijijini Bengal mpaka anakuwa baba wa mtu, Pather Panchali ya 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959. Criterion walizitoa seti nzima Novemba 2015. Ukiiangalia leo kwenye skrini nzuri huwezi kuamini kwamba negativu zake, yaani ule mkanda wa asili uliopita ndani ya kamera, zilishaungua moto.

Kidogo kuhusu Criterion kwa wasiowajua. Ni lebo ya Marekani, walianza 1984 na laserdisc, zile diski kubwa kama santuri, na King Kong yao ndo iliyoleta kale kautaratibu ka mtu kuongea juu ya filamu nzima akikueleza kinachotokea, kitu ambacho leo kila mtu anakichukulia cha kawaida. Wana undugu wa karibu sana na Janus Films, kampuni ya usambazaji iliyoanzishwa 1956 na ndo iliyowapelekea Wamarekani filamu za Bergman, Kurosawa, Fellini na wengine. Kwa hiyo wakati lebo nyingine inaanza kwa kugonga milango kutafuta haki, Criterion walikuwa na ghala la Janus nyuma yao karibu tangu mwanzo. Hii ni muhimu kuielewa maana filamu nyingi unazoziona kwenye katalogi yao hazikuchaguliwa kwa kikao cha watu wenye macho makali, zilikuwa tayari ndani ya nyumba, zikisubiri zamu yao na mzigo mzuri wa kuskani.

Na hilo lina ubaya wake. Mwaka 2020 New York Times waliandika kwamba kwenye katalogi ya filamu zaidi ya 1,000 wakurugenzi Wamarekani weusi walikuwa wanne tu, na Peter Becker, rais wa Criterion, alikubali kwamba kulikuwa na sehemu hawakuwa wanazitazama. Kwahiyo mtu akikuambia "materiali hazikuwepo" uliza pia kama kuna mtu alizitafuta. Kwa Ray walitafuta.

Sasa turudi nyuma. Pather Panchali yenyewe ilitengenezwa kwa shida ambayo inaonekana hata kwenye negativu. Ray alikuwa anafanya kazi ya kuchora matangazo Calcutta, hajawahi kuongoza filamu, na mpiga picha wake Subrata Mitra alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kushika kamera ya sinema. Walianza 1952 kwenye shamba la yale maua meupe ya kaash, ile sehemu Apu na dada yake Durga wanaenda kuangalia treni. Walipiga siku moja, waliporudi wiki iliyofuata ng'ombe walikuwa wameshakula maua yote, ikabidi wasubiri msimu mwingine ndo wamalizie. Hela ikaisha, Ray akauza vitabu na santuri zake, vito vya mkewe vikawekwa rehani, uzalishaji ukasimama muda mrefu, mpaka serikali ya West Bengal ikaingia kulipa, na kwenye vitabu vya serikali ile hela iliandikwa kwenye fungu la barabara. Ndo maana mpaka leo filamu hiyo ni ya serikali ya jimbo, wakati Aparajito ilizalishwa na Epic Films na Apur Sansar na kampuni ya Ray mwenyewe. Filamu tatu, wenye mali watatu. Ukitaka kutoa seti moja maana yake mazungumzo matatu, na hapo bado hujagusa mkanda.

Mwaka 1992 Academy, hawa wanaotoa Oscar, walimpa Ray tuzo ya heshima. Alikuwa anaumwa sana, alitoa shukrani zake kwa video akiwa kitandani hospitalini Calcutta na hakumaliza mwezi baada ya sherehe, alifariki tarehe 23 Aprili. Lakini katika kutayarisha vipande vya kuonyesha usiku ule watu wa Academy wakagundua printi za Ray zilizopo Marekani ziko kwenye hali mbaya kiasi kwamba kupata vipande vinavyofaa ni kazi. Hapo ndo mradi wa kuokoa filamu zake ulipoanzia, na negativu zikatolewa India kwenda Academy zikipitia maabara moja kusini mwa London, Henderson's. Julai 1993 Henderson's ikashika moto. Filamu za zamani za nitrati zililipuka, moto ukaingia kwenye ghala, zikateketea negativu za filamu kubwa za Uingereza zikiwemo za studio ya Ealing, na makopo ya Ray yalikuwa humo humo.

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndo uamuzi mkubwa kuliko wote kwenye kisa hiki na haukufanywa na Criterion. Baada ya moto kulikuwa na makopo yaliyopinda, vipande vilivyoungua, mikanda iliyoyeyuka pembeni na kugandana, na hakuna maabara ya biashara iliyokuwa na uwezo wa kufanya chochote na mzigo ule. Kwa akili ya kawaida ya mtunza ghala unatupa. Ghala la filamu linalipiwa kila mwezi, baridi inalipiwa, nafasi inalipiwa, na unachokihifadhi hakiwezi hata kupita kwenye mashine. Academy wakasema kila kitu kinachotambulika kuwa ni cha Ray kipakiwe kiletwe, hata vipande, hata majivu. Wakaviweka. Vikakaa miaka 20. Nafikiri watu hawaipi kazi hii uzito wake, kwasababu haina picha ya kuonyesha, hakuna kabla na baada, ni mtu tu aliyesaini fomu ya kuhifadhi takataka kwa matumaini kwamba siku moja kutakuwa na mtu anayejua la kufanya.

Criterion wao walikuwa wanamsogelea Ray polepole. Walitoa Jalsaghar 2011, wakafuata na Mahanagar na Charulata 2013. Kila mtu aliyekuwa anafuatilia alikuwa anauliza Apu lini, maana hizo tatu ndo zinazojulikana zaidi duniani. Kilichokuwa kinakwamisha ni kwamba kutoa ungeweza kutoa hata kesho yake, kulikuwa na masta na negativu za kudurufu (kopi zilizotolewa kwenye mkanda wa asili) sehemu mbalimbali, lakini ungetoa kitu cha wastani na mtu akishanunua seti ya wastani huwezi kumrudia baada ya miaka mitatu ukamwambia nunua tena, sasa hivi tumefanya vizuri. Lebo inayojiheshimu inapata nafasi moja kwa kila filamu kubwa. Hivyo 2013 walipoanza kazi rasmi wakaenda Academy kuuliza yale makopo ya moto yana nini ndani.

Kwanini uhangaike na mkanda ulioungua wakati kopi nzima ipo? Kwasababu filamu inavyodurufiwa ni kama cheti cha kuzaliwa unachopiga kopi ya kopi ya kopi, maandishi bado yanasomeka lakini muhuri umeshakuwa doa jeusi. Kutoka negativu ya kamera unatengeneza masta laini, kutoka masta unatengeneza negativu ya pili, kutoka hiyo ndo unapata printi ya kwenda sinema. Kila hatua weusi unazidi kuwa mweusi, weupe unazidi kuwa mweupe na kile kilichokuwa katikati, yale majivujivu yote, yanapotea. Kwa filamu ya kupigana labda hutajali. Kwa filamu za Mitra hiyo hasara ndo filamu yenyewe.

Chukua Aparajito. Nyumba ya mji wa Benares wanakokaa Apu na wazazi wake ina ua katikati na juu wazi. Walipanga kuijenga nje lakini kwa hofu ya mvua za monsuni mbunifu wa seti Bansi Chandragupta akataka ijengwe ndani ya studio. Mitra akapinga mwanzoni, maana ukimulika seti ya ua kwa taa za studio unapata vivuli vikali vinavyokatana huku na huku, wakati kwenye ua halisi mwanga unashuka kutoka angani umetawanyika na karibu hakuna kivuli. Akashindwa hoja ikabidi atafute njia, akatandika kitambaa cheupe juu ya seti nzima kama anga, kisha taa zikaelekezwa kwenye kitambaa badala ya kwa waigizaji, mwanga ukarudi chini umelainika. Mtazamaji anaamini kabisa yuko Benares asubuhi. Leo kila mtu anafanya hivyo, hata wapiga picha za harusi wana ile miamvuli yao na maboksi ya kitambaa, lakini 1956 ilikuwa ni kijana wa Calcutta na turubai lake. Sasa ule mwanga wote uko kwenye tofauti ndogo ndogo za kijivu. Kwenye printi za zamani huuoni, unaona ukuta mweupe na sari nyeusi basi. Kuurudisha ilibidi urudi kwenye mkanda uliokuwa ndani ya kamera siku ile, hata kama umeungua.

Makopo yakaenda Bologna, Italia, kwa L'Immagine Ritrovata, maabara iliyo chini ya Cineteca, hifadhi ya filamu ya mji huo, na inayofanya kazi hizi tangu 1992. Kazi ya mkono pale ilichukua karibu saa elfu moja. Kazi ya kompyuta haijaanza bado hapo, hiyo ni mikono tu. Mkanda uliopigwa na joto hukauka, husinyaa na huwa mwepesi kuvunjika, ukiukunja kidogo unapasuka, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuurudishia unyevu taratibu mpaka ulegee na uweze kufunguliwa bila kubanduka picha. Halafu kuondoa gundi za zamani, selotepu na nta. Halafu pembeni. Filamu ya milimita 35 ina matundu manne kila upande kwa kila fremu, ndo meno ya mashine yanaposhika, na moto ulikuwa umekula kingo, sehemu nyingine matundu yameyeyuka, sehemu nyingine hayapo. Mafundi wakajenga upya hizo kingo na matundu kwa kubandika vipande vipya, kimoja kimoja, huku picha yenyewe ikiwa milimita chache tu pembeni ya kisu. Pather Panchali ina dakika kama 125, kwa fremu 24 kila sekunde hiyo ni fremu 180,000 hivi. Fikiria umekaa kwenye meza ya mwanga na mkanda wa namna hiyo.

Baada ya hapo ndo ukaskaniwa kwa 4K, yaani kwa ubora wa juu sana wa kidijitali, kwenye skana ambayo mkanda unapita ndani ya kimiminika, kinajaza mikwaruzo ya upande wa plastiki ili mwanga upite bila kuiona. Matokeo: asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito vimetoka moja kwa moja kwenye negativu iliyoungua. Apur Sansar haikuwa na bahati, mikanda yake miwili iliyosalia ilikuwa imeharibika kupita kiasi, kwa hiyo yote imetoka kwenye masta na negativu ya kudurufu. Sehemu zilizopungua zilijazwa kutoka kwa Janus wenyewe, Academy, Harvard Film Archive na British Film Institute (BFI). Angalia hapo, taasisi nne tofauti kila moja ilikuwa na kipande chake na hakuna hata moja peke yake ingeweza kuijenga filamu.

Hapa kuna uamuzi ambao watu hubishana na mimi nina upande. Ukichanganya vyanzo, ndani ya filamu moja, saa nyingine ndani ya tukio moja, unapata shoti (kipande kimoja kilichopigwa bila kukatwa) kali iliyotoka kwenye negativu halafu inayofuata imetoka kwenye kopi, laini kidogo na chembe zake, zile punje za picha ya filamu, ni tofauti. Jicho zuri linaona. Kuna wanaosema bora ungetumia kopi moja nzima, filamu nzima ifanane, mtazamaji asishtuke. Siungani nao hata kidogo. Ukikubali hoja hiyo unashusha asilimia 60 ya Aparajito ili ifanane na asilimia 40 iliyobaki, unaadhibu shoti zilizonusurika moto kwasababu nyingine hazikunusurika. Walichofanya ni kulinganisha kijivu na kontrasti shoti kwa shoti ili mpito usikukwaruze, bila kuichakachua ile nzuri ifanane na mbovu. Criterion walikaa na hatua hii ya kidijitali kama miezi sita, fremu kwa fremu, kufuta vumbi, mikwaruzo, kutuliza picha inayotikisika na mwanga unaopepesa.

Na ujue kufuta kuna mpaka wake. Programu za kusafisha ukiziachia zinakula chembe za filamu, sura ya mtu inakuwa kama nta, na programu mara nyingi haijui tofauti kati ya doa na tone la mvua. Pather Panchali ina ile mvua kubwa ya Durga, ina wadudu wanaokimbia juu ya maji, ina majani yanayopepea, yaani imejaa vitu vidogo vyeupe vinavyotokea na kupotea ndani ya fremu moja mbili, ambavyo kwa kompyuta ni uchafu mtupu. Ndo maana kazi kama hii lazima mtu akae aangalie kwa macho aseme hiki ni mvua kiache, hiki ni vumbi toa. Angalia uso wa Chunibala Devi, yule bibi anayecheza shangazi mzee, kila mkunjo upo. Programu iliyoachiwa ingeshaupiga pasi.

Sauti nitaipitia haraka, wala si kwamba haina thamani. Muziki ni wa Ravi Shankar na wa Pather Panchali ulirekodiwa kwa kikao kimoja cha usiku kucha, na sauti ya sinema ya wakati ule ina mipaka yake, huwezi kuipanua iwe kitu ambacho haikuwahi kuwa. Unaondoa miguno na milio ya kukwaruza, unaacha kifua cha ala kipumue, basi.

Onyesho la kwanza la kazi hii lilikuwa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa New York, Mei 2015. Hawakuichagua ovyo, Pather Panchali ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kabisa duniani MoMA hapo hapo Mei 1955, miaka 60 kamili kabla. Ikazunguka sinema za Marekani kisha Novemba ikaja seti. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba sinema zinalipia sehemu ya gharama kabla diski haijauzwa hata moja, kwasababu kazi ya mikono ya saa elfu moja huwezi kuirudisha kwa watu wanaokusanya diski peke yao. Lebo ambayo haina mkono kwenye sinema haiwezi kuugusa mradi wa aina hii, hata iwe na ladha kiasi gani, na ndo maana nasema ukitaka kuelewa uchaguzi wao usiangalie orodha ya mwaka, angalia nani anasambaza nini na nani ana ghala.

Kinachoniuma kwenye kisa hiki ni mwisho wa safari. Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa kanda, Amerika ni kanda A, Afrika na Ulaya ni B, India ni C. Seti ile ya Blu-ray ya 2015 imefungwa kanda A. Maana yake mtu wa Kolkata, ile Calcutta ya zamani, mji wa Ray mwenyewe, akiagiza seti hiyo na kulipa nauli na ushuru haichezi kwenye mashine yake ya kawaida, na mtu wa Dar au Mombasa hivyo hivyo, labda uwe na mashine iliyofunguliwa kanda zote. Huduma yao ya kutazama mtandaoni, Criterion Channel, nayo iliyoanza 2019 ni ya Marekani na Kanada tu. Mikataba ya haki inauzwa kwa nchi, naelewa, lebo haina haki ya kuuza ambapo haijanunua. Lakini mkanda uliotoka Calcutta, ukaungua London, ukajengwa upya Bologna kwa vipande vya Harvard na BFI, halafu ukishapona diski zake zinafungiwa kanda moja, hilo linatakiwa kusemwa kila mara kazi hii inaposifiwa, na naisifia kwa moyo wote.

Kwetu hili si la mbali. Tangu 2017 kuna mradi wa urithi wa filamu za Afrika, wamo Film Foundation ya Martin Scorsese, FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO pamoja na hao hao wa Cineteca di Bologna, na mradi huo umeshafanya Soleil Ô ya Med Hondo na Sambizanga ya Sarah Maldoror, ile ya 1972 kuhusu Angola iliyopigwa Congo-Brazzaville. Zote mbili zimeingia kwenye seti za Criterion, ya kwanza 2020 na ya pili 2022. Swali la kwanza kwa kila moja lilikuwa lile lile la Ray, makopo yako wapi. Na sehemu kubwa ya filamu za Afrika za miaka ile negativu zilisafishwa na kubaki kwenye maabara za Ulaya, kwahiyo mtu anayetaka kufufua filamu ya hapa Afrika Mashariki leo asianze na lebo wala na festivali, aanze na risiti za maabara: ilisafishwa wapi, kwa jina la kampuni gani, na nani alilipia ghala mara ya mwisho.